Kichwa cha makala na Google: maswali yenu wiki hii

Makala yangu "Usikubali Kuteseka Tena!" imesifiwa na kila aliyeisoma, lakini kwenye Google haionekani. Inahusu simu zinazopata moto. Nimekosea wapi?

Kwenye kichwa. Mtu ambaye simu yake inachemka kila akiichaji hafungui Google na kuandika "usikubali kuteseka". Anaandika "simu kupata moto ikichajiwa", tena kwa herufi ndogo na haraka haraka. Maneno hayo kichwani mwako hayamo hata moja. Kichwa chako kingeweza kuwa cha makala ya maumivu ya mgongo au ya ndoa. Jaribu hiki: "Simu kupata moto ikichajiwa: sababu na la kufanya". Hakina mbwembwe, najua. Mbwembwe zipeleke aya ya kwanza, ambako msomaji ameshaingia ndani.

Ila usitarajie miujiza. Kichwa ni dalili moja kati ya nyingi ambazo Google huzipima. Kama makala yenyewe ni aya tatu za kubahatisha, kichwa kizuri kitamleta mtu aone hivyo kisha aondoke.

Nitajuaje watu wanaandika maneno gani wanapotafuta?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana wengi hukisia tu. Anza na kisanduku cha Google chenyewe: andika maneno mawili ya mada yako, usibonyeze chochote, usome mapendekezo yanayoshuka chini. Google huyatoa kwenye mambo ambayo watu huyatafuta kweli. Kisha tafuta, uangalie yale maswali yanayojitokeza katikati ya matokeo. Ukiwa unasita kati ya maneno mawili, Google Trends, iliyoanza 2006, itakuonyesha lipi linatafutwa zaidi. Hapo ndipo mwandishi mwenye Kiswahili sanifu hugundua kwamba "rununu" yake anaitafuta yeye mwenyewe tu, wenzake wote wanaandika "simu".

Hazina kubwa zaidi iko Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, nayo ni bure. Fungua ripoti ya utendaji, utakuta orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika hadi kurasa zako zikaonekana, hadi miezi 16 nyuma. Tafuta mstari wenye kuonekana mara nyingi lakini mibofyo michache. Hapo kuna watu wanaokiona kichwa chako na kukipita. Mara nyingine ni kwa sababu uko chini mno kwenye matokeo, kwa hiyo soma na safu ya nafasi, inayoonyesha unatokea wa ngapi, kabla ya kulaumu kichwa. Ukikuta uko ukurasa wa kwanza na bado hubofywi, basi kichwa hakiwashawishi.

Nimeshauriwa nirudie neno muhimu mara tatu ndani ya kichwa ili Google isilikose. Ni kweli?

Hapana. "Kuchaji simu, chaji simu haraka, njia za kuchaji simu" ni kichwa kinachomfukuza binadamu, na mashine haijadanganyika nacho kwa miaka mingi. Sasisho la Penguin, badiliko ambalo Google ililifanya Aprili 2012 kwenye upangaji wa matokeo yake, lililenga ujanja wa aina hii, ukiwemo wa kurundika maneno. Mara moja inatosha, na ikiwezekana karibu na mwanzo.

Mbona Google inaonyesha kichwa ambacho sikukiandika mimi?

Kuna vichwa viwili kwenye ukurasa wako: kile ambacho msomaji anakiona juu ya makala, na kile kilichofichwa kwenye kodi, yaani msimbo wa kompyuta unaounda ukurasa, ambacho ndicho hasa kinachokusudiwa kwa matokeo ya utafutaji. Agosti 2021 Google ilitangaza kwamba imebadilisha namna inavyounda vichwa vya matokeo. Ikiona cha kwenye kodi ni kirefu mno, kimerundikwa maneno, au kinafanana kwenye kila ukurasa, inaweza kuchukua kile kinachoonekana juu ya makala au maneno mengine ya ukurasani. Viandike vyote viwili vikubaliane, na uwezekano wa kubadilishiwa utapungua.

Kichwa kiwe na herufi ngapi?

Google haijaweka kikomo. Kinachotokea ni kwamba kichwa hukatwa kulingana na upana wa skrini, kwa hiyo lililo muhimu lisikae mkiani.

Na kile kisanduku cha maneno muhimu kwenye mipangilio ya blogu, nikijaze?

Kiache kitupu. Google ilisema wazi Septemba 2009 kwamba haitumii maneno ya kisanduku hicho kupanga matokeo yake.

Nina makala nyingi za zamani. Nibadilishe vichwa vyote?

Vyote vya nini? Zinazoleta wasomaji ziache zilivyo. Shughulika na zile zinazoonekana bila kubofywa, chache kwa wakati mmoja, kisha subiri wiki kadhaa usome tena ripoti; ukibadilisha kila kitu siku moja hutajua kilichosaidia. Kubandika mwaka mpya kwenye kichwa bila kugusa makala ni utapeli mdogo, na msomaji huugundua akifika aya ya pili. Halafu anwani ya ukurasa usiiguse. Kichwa kikibadilika, anwani ya zamani inaendelea kufanya kazi vizuri tu. Ukilazimika kuibadilisha, weka uelekezaji wa kudumu wa 301, yaani agizo linalompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya, la sivyo kila aliyewahi kukuunganisha atawapeleka wasomaji wake kwenye ukurasa usiokuwepo.