Kodi ya kiwambo imefutwa, fomu zimebaki

Tangu mwaka uanze, barua zinazonifikia zinauliza jambo moja kwa namna kumi: sasa naweza kununua kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki kama ninavyonunua tochi? Nimechagua chache na kuzifupisha. Wote walioandika wanaishi Marekani, na majibu ni ya huko huko. Aliye kwingine asije akainukuu safu hii mbele ya polisi.

Nimeambiwa kuanzia Januari 2026 kiwambo ni bure. Kweli? (Msomaji, Ohio)

Kilichofutwa ni kodi, ndugu yangu. Kiwambo chenyewe utakilipia. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 ilishusha kodi ya kununua au kutengeneza kiwambo kutoka dola 200 hadi sifuri, kuanzia 1 Januari 2026. Bunduki za rashasha bado zinatozwa dola 200 zile zile.

Sheria mama, National Firearms Act ya 1934, haijaguswa kwenye usajili. Bado utajaza Fomu 4, ile ya kuhamisha umiliki, utatoa alama za vidole na picha ya pasipoti, na utamtumia nakala mkuu wa polisi wa eneo lako. Kisha utasubiri kibali cha ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Hata ukiwa umelipa hadi senti ya mwisho, kiwambo kinabaki kabatini kwa muuzaji mpaka kibali kitoke.

Hizo dola 200 zina historia yake. Hiram Percy Maxim, mtoto wa yule aliyevumbua bunduki ya rashasha, alipata hataza ya kiwambo mwaka 1909, na vikawa vinauzwa kwa dola chache tu. Mwaka 1934 Bunge likaweka kodi ya 200, ambayo kwa thamani ya leo ni zaidi ya 4,000. Halikupiga marufuku, lilipanga bei ya kumfukuza mteja mlangoni. Kiwango hicho hakikupandishwa kwa miaka 90, mfumuko wa bei ukakitafuna polepole hadi kikawa kero tu. Mwaka 1937 Mahakama Kuu ya nchi iliikubali sheria hiyo kwa hoja kwamba ni sheria ya kodi. Ndiyo maana sasa kuna kesi zinazouliza: kodi ikiwa sifuri, usajili unasimama juu ya nini? Swali zuri, lakini kufungua kesi si kushinda kesi. Jaza fomu.

Jumla yake ni kiasi gani? Nina bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, na nyingine ya kuwindia. (Msomaji, Texas)

Kiwambo cha .22 mara nyingi ni kati ya dola 200 na 500. Cha bunduki kubwa ya kuwindia, tuseme 600 hadi 1,200, na cha titani kinapita hapo. Halafu geuza bunduki yako uutazame mdomo wa mtutu: una hesi, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu? Kama ni laini, fundi bunduki atakutoza mia moja hadi mia mbili kukata hesi, na akikosea hata kidogo tu, risasi itapita ikigonga kiwambo kwa ndani. Hapo usitafute fundi wa bei poa. Ongeza kiungio, ongeza ada ya muuzaji kama umeagiza kutoka mbali, ongeza amana ya kisheria, yaani hati inayomiliki mali kwa niaba ya watu zaidi ya mmoja, kama unataka mkeo naye aweze kukitumia wewe ukiwa haupo. Bila amana, kiwambo kiko kwa jina lako peke yako na hupaswi kumwachia mtu akaondoka nacho.

Gharama wanayoisahau wengi ni ya kuuza. Gari ukilichoka unaliuza Jumamosi. Kiwambo ukikichoka, mnunuzi naye lazima apitie Fomu 4 na alama za vidole, na akiwa jimbo jingine kitapitia kwa muuzaji mwenye leseni. Kwa kuwa kipya hakina tena kodi, hana sababu ya kukupa bei nzuri kwa kilichotumika. Chagua kimoja kinachofaa bunduki zaidi ya moja, mradi mtengenezaji ameruhusu hizo risasi. Ila kwa .22 ningenunua cha kwake kinachofunguka: risasi hizo ni chafu, na masizi ya baruti na ya madini ya risasi hugandamana ndani kama ukoko wa sufuria.

Nina mashine ya kukereza chuma gereji. Si nitengeneze mwenyewe? (Msomaji, Arizona)

Sheria ya shirikisho inaruhusu, kwa Fomu 1. Neno la kushika ni KWANZA. Kibali kwanza, chuma baadaye. Aliyekata chuma leo na kujaza fomu kesho ameshatenda kosa, na adhabu yake inafika miaka 10 jela pamoja na faini.

Kibali kikitoka, lazima uchonge jina lako au la amana, mji, jimbo na namba ya usajili. Namba iwe na urefu wa angalau 1/16 ya inchi na kina cha inchi 0.003. Ukiharibu kipande cha ndani, huruhusiwi kujitengenezea cha akiba ukakiweka kwenye droo, maana kipande hicho peke yake kinahesabiwa kuwa kiwambo kingine kisichosajiliwa. Kubadilisha vipande ni kazi ya mtengenezaji mwenye leseni.

Na kumtengenezea jirani kwa malipo? Fomu 1 haihusiki kabisa. Hapo unahitaji leseni ya kutengeneza silaha, kodi maalumu ya kila mwaka, na kujisajili Wizara ya Mambo ya Nje kwa ada ya maelfu ya dola. Kwa maoni yangu, kama huipendi kazi ya chuma kwa ajili yake yenyewe, nunua cha dukani. Muda wako nao ni pesa.

Kuna tovuti ya ng'ambo inauza “kifaa cha kunasa mafuta ya kusafishia bunduki” kwa dola 60. Jamaa wanasema ukikitoboa tu kinakuwa kiwambo. (Msomaji, Georgia)

Kaka, hiyo sentensi ya jamaa zako ndiyo ushahidi wenyewe. Sheria haihesabu kiwambo kilichokamilika tu, inahesabu hata vipande vilivyokusudiwa kukiunda. Mwaka 2022 ATF ilikataa maombi mengi ya Fomu 1 ya watu waliotaja vifaa vya aina hii, ikisema tayari ni viwambo. Na kifurushi cha ng'ambo kinapita forodha, chenye jina lako na anwani yako. Achana nacho.

Jimbo letu lina sheria kwamba kiwambo kilichotengenezwa hapa na kubaki hapa hakiihusu Washington. (Msomaji, Kansas)

Wanaume wawili wa jimbo lako waliiamini sheria hiyo ya 2013 na wakatiwa hatiani katika mahakama ya shirikisho. Mahakama ya rufaa ikakazia hukumu mwaka 2018, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza. Kinyume chake hakina huruma pia: California, New York, Illinois, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island, Delaware na Hawaii zinapiga marufuku viwambo, na karatasi ya ATF haitakuokoa ukihamia huko.

Kikifungwa, majirani hawatasikia kitu? (Msomaji, Minnesota)

Hizo ni riwaya za kijasusi. Mlio wa bunduki huwa kati ya desibeli 140 na 170 hivi, na kiwambo hupunguza 20 hadi 35. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti itapasua hewa kwa kishindo chake hata ufunge nini. Kinachosalimika zaidi ni masikio yako, na hata hivyo vaa vizibo.

Mume wangu amefariki. Kwenye kabati lake la bunduki nimekuta kiwambo. Nifanye nini? (Dada yenu, Pennsylvania)

Pole sana, dada. Usikiuze, na usikubali shemeji akichukue “akakutunzie”. Tafuta karatasi yenye muhuri wa ATF. Wengi huiweka pamoja na hati za nyumba au ndani ya kasha la bunduki. Ukiipata, msimamizi wa mirathi anaweza kukishika wakati mirathi inaendelea, kisha mrithi halali anaandikishwa kwa Fomu 5 bila kodi. Usipoipata, mpigie wakili kabla ya mtu mwingine yeyote, na kiache pale pale kilipo kabati likiwa limefungwa: kisichosajiliwa hakiwezi kusajiliwa na mrithi, na wakili ndiye atakayejua namna ya kukisalimisha bila wewe kuingia matatani.