Ukienda Algonquin wakati wa baridi, simama

Januari ile ya kwanza nilitembea kilomita tisa ndani ya hifadhi ya Algonquin, Kanada, nikitafuta ndege, nikaona watatu. Nimekulia Lushoto, ambako alfajiri msitu wenyewe hukuamsha kwa kelele, nikadhani kazi yangu ni kuzunguka tu. Jioni nikampigia mama simu: nimeendesha gari kwa muda wa saa tatu kutoka Toronto, nimelipa kiingilio, miguu imekufa ganzi. Akauliza, "Mwanangu, huko hakuna kazi?"

Siku hizi siendi mbali. Naegesha Spruce Bog, kilomita ya 42 na nusu kwenye Barabara Kuu ya 60. Ni njia fupi inayokatiza kinamasi cha misonobari. Nasimama mahali pamoja dakika ishirini, ndipo nasogea kidogo. Ndege wa huko wakati wa baridi hutembea kwa vikundi: kimya kirefu, halafu wanakupitia wote kwa mkupuo. Ukitembea, buti zinakwaruza theluji na husikii kitu. Chikadii wa kaskazini, ndege mdogo mwenye utosi wa kahawia, ana sauti ya mtu mwenye mafua. Masikio ndiyo yatakayomwona kwanza.

Kigong'ota mgongo-mweusi mtafute chini. Hubandua magamba ya misonobari iliyokufa akitafuta mabuu, kwa hiyo ukiona magamba mapya juu ya theluji, inua macho taratibu. Kwale wa misonobari ni mtihani mwingine: hukaa ndani ya mti akila majani yake, hakimbii wala hatingishiki. Nilishampita mmoja mara tatu.

Yule wa kijivu anayeitwa Canada Jay atakuja mwenyewe kukukagua. Huyu ndiye nimpendaye kuliko wote. Msimu wa joto na majira ya vuli huficha chakula kwenye magome, akikigandisha kwa mate yake yanayonata, na akiba hiyo ndiyo humwezesha kutaga Machi theluji ikiwa bado nene. Watafiti wamewafuatilia Algonquin tangu miaka ya 1960, na wameona kwamba vuli ikiwa na joto sana, akiba huoza na makinda huwa wachache. Friji yao ni hali ya hewa.

Usiwaite ndege kwa kucheza sauti zao kwenye simu. Mchana ni mfupi na kila dakika ya mwanga ni ya kutafuta chakula. Vaa soksi za sufu, si pamba, na buti zenye nafasi ya vidole kucheza. Betri ya ziada iweke kifuani, ndani ya koti. Darubini ifunge kwenye begi kabla ya kuingia garini, la sivyo itafunikwa na ukungu.

Mwezi uliopita jei alitua juu ya kofia yangu, mwenzangu akapiga picha. Nikamtumia mama.

"Kofia nzuri," akajibu.