Kabla hujajaza "mshindani" kwenye fomu

Wadogo zangu wa klabu, Jumamosi pale Coco Beach nimemsikia mmoja wenu akijigamba kwamba safari hii kwenye fomu ya mbio kajiandikisha kundi la washindani, wale wa kugombea ushindi, kisa kanunua viatu vya kaboni, vile vya mbio vyenye bamba gumu ndani ya soli. Nilicheka hadi nikakohoa. Haya, tusikilizane.

1. Viatu havimpandishi mtu kundi, muda ndio unaompandisha. Wale wa mbele kilomita wanaimaliza kwa dakika tatu na ushee. Ukiwafuata wewe wa dakika tano, Daraja la Tanzanite utalivuka ulimi nje. Halafu huko kwao soli ina sheria, isizidi milimita 40. Huku kwetu hakuna anayekuja na rula.

2. Usikimbie na namba ya mwenzio. Utaondolewa kwenye matokeo, na ukizimia njiani watu wa huduma ya kwanza watampigia mke wa mtu mwingine.

3. Muda wa bastola (tangu mlio wa kuanzia) na muda wa chipu (kidude unachovaa, kinakuhesabia tangu wewe uvuke mstari wa kuanzia). Hapa kaeni kitako. Kuna mwaka nilikuwa wa moto kweli, nikaingia mbio ndogo ya kilomita 10, zawadi kwa kumi bora. Mama watoto nikawa nimeshamwahidi jiko la gesi. Asubuhi nikabaki nyuma kabisa na wenzangu wa jogging, nyimbo, picha, vicheko, nikijua chipu itaanza kunihesabia nikikanyaga mkeka wa kuisoma pale mstari wa kuanzia. Bastola ikalia, tukajikokota kuufuata mkeka kama foleni ya mwendokasi Kimara. Kuanzia hapo nilikimbia sijapata kukimbia vile. Matokeo yakatoka: chipu yangu imempita wa kumi, mimi wa kumi na moja. Nikaenda kwenye meza ya waamuzi nimevimba, jasho linadondokea karatasi zao. Mwamuzi, mama wa makamo, akaniuliza kwa upole, "Baba, kati yako na yeye nani katangulia kuvuka mstari?"

Yeye.

"Sasa unadai nini?"

Jiko lilinunuliwa kwa mkopo.

Kanuni za riadha za dunia ndivyo zilivyo: nafasi ni ya aliyetangulia mstarini, na muda rasmi unahesabiwa tangu bastola. Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa saa 2:09:48 wote wawili, dhahabu ikaja kwetu kwa sekunde 0.03. Mbio nyingine huhesabu makundi ya umri kwa chipu, kwa hiyo someni kanuni kabla ya kulipia. Unagombea zawadi, jipange mbele. Unashindana na muda wako mwenyewe, kaa nyuma upige picha.

4. Meza ya maji yenye chupa zilizoandikwa majina ni ya hao wa mbele, si yako. Kunywa ya kikombe.

5. Namba ni kifuani, pini nne. Na kama chipu imebandikwa nyuma yake, msiikunje eti jezi ionekane vizuri. Ikigoma kusoma mnanipigia simu mimi, tena saa nne usiku.