Vespa PX 150 ya zamani: breki kwanza, silinda ya 177 baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu PX 150 yako ya 1981: unataka kuifungia silinda kubwa ya cc 177, na huku breki ya nyuma haishiki ingawa brekishu (vile vipande vinavyosugua ndani ya gurudumu) umebadilisha mara mbili. Uanze na kipi? Mimi niko Unguja, nilikuwa na mashine hiyohiyo na ugonjwa huohuo. Nilianza na injini. Usinifuate.

Siku ya tatu baada ya kufunga nilikuwa natoka Bububu kurudi mjini, Vespa inapaa. Maeneo ya Mtoni daladala ikasimama ghafla kushusha abiria. Nikakanyaga breki, pedali ikazama yote, Vespa ikaendelea na safari zake. Ya mbele nikaibana mpaka mkono wa breki ukagusa usukani, wapi! Nikakata kushoto kwenye mchanga, nikaishia kwenye tenga la maembe la mama mmoja. Maembe nililipa yote, hata yaliyokuwa mazima, kwa jinsi alivyonitazama.

Fundi niliyempelekea ni mtu mzima, hana maneno mengi. Alichomoa pini, akafungua nati kubwa ya katikati, akavuta dramu, yaani bakuli la chuma lenye brekishu ndani, akapitisha kidole ndani kisha akaninusisha. "Mwanangu, breki hii umeikaanga." Oili ya gia. Brekishu zilikuwa nyeusi, zinang'aa kama sahani ya chapati.

Kwenye PX gurudumu la nyuma limekaa moja kwa moja kwenye shafti inayotoka gia boksi. Kati ya oili na breki kuna sili moja tu ya mpira. Ikichoka, oili inaingia ndani ya dramu, na kila brekishu mpya utakayoweka itainywa. Ndiyo maana kubadilisha mara mbili hakukusaidia. Zilizolowa usijaribu kuziokoa kwa kuziosha na petroli. Zitaonekana kavu, zikipata moto zinatoka jasho tena. Tupa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza, na mimi nilikuwemo. Kabla hujarudisha dramu, tazama shingo yake, pale mdomo wa sili unaposugulia. Pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja ndani ya wiki chache. Yangu ilikuwa na mfereji unaouona kwa macho, ikabidi nitafute dramu nyingine. Za LML, wale Wahindi wa Kanpur waliokuwa wakitengeneza PX kwa leseni ya Piaggio, zinafanana, ila linganisha shingo na ya yako kwanza. Nati ukishaikaza weka pini mpya, ya zamani usiinyooshe ukairudisha. Na oili ya gia ni SAE 30, mililita 250, basi. Kuna watu wanaongeza kidogo "kwa usalama", kumbe wanazidisha kuvuja.

Breki ya mbele ya PX za zamani haijawahi kuwa kali hata ikiwa mpya, tusidanganyane. Lakini hapa kwetu pwani chumvi inaila kebo ndani ya ala, unabana nguvu zote zinaishia njiani. Badilisha kebo pamoja na ala yake. Ule mhimili unaopanua brekishu utoe, usugue kutu, paka grisi kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi utajikaanga mwenyewe.

Ukishasimama vizuri, njoo kwenye injini. Silinda yako ya asili ina upana wa milimita 57.8; ya 177 ni 63, mwendo wa pistoni unabaki 57. Silinda ya kampuni ya DR, ya chuma cha kumimina, inaingia bila kuchonga injini, ndiyo niliyofunga. Ila kwanza kagua sili za kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ya upande wa flaiwili ikivuta hewa, petroli inapungua kwenye mchanganyiko, joto linapanda, pistoni inakwama ukiwa mwendoni. Ya upande wa klachi ikifa, injini inavuta oili ya gia na moshi mweupe haukatiki. Sili ni bei ya chai ukilinganisha na silinda mpya.

Kabureta niliacha ileile, nikapandisha jeti kubwa (kitundu kinachopimia petroli) kutoka 102 hadi 108. Anzia juu ushuke polepole, usianzie chini. Moto wa plagi niliuchelewesha kidogo kwa kuzungusha sahani ya koili kutoka alama ya A kwenda IT. Klachi ilianza kuteleza nikipanda mlima, nikaweka springi ngumu zaidi. Oili kwenye petroli mililita 20 kwa lita, nzuri ya kuchanganya, si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Kilomita 500 za mwanzo usiikimbize, na vidole viwili viwe juu ya klachi muda wote. Ukisikia injini inazubaa ghafla, bana klachi kabla gurudumu halijafunga. Kisha toa plagi: rangi ya kahawa ni salama, ikiwa nyeupe usiende popote.

Ukifungua dramu, tupia picha ya hiyo shingo hapa kabla hujanunua chochote.