Maandishi ya kompyuta kwenye TV yana ukungu: ninunue waya wa bei?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Tandahimba. Baada ya kulipwa korosho nimenunua TV ya inchi 43 kwa ajili ya kibanda umiza changu, na picha naitoa kwenye kompyuta mpakato. Nilianza na waya wa VGA: maandishi yakawa na ukungu, sauti haikuja. Nikahamia HDMI. Ukungu umepungua lakini haujaisha, na ule mstari wa chini wenye saa umekatwa. Muuzaji anasema waya wangu ni wa bei rahisi, nichukue wenye ncha za dhahabu. Ninunue?

JIBU: Usinunue. HDMI hupitisha picha kidijitali. Waya ukiwa mbovu utaona nukta zinazometameta, picha itakatikakatika, au kioo kitakuwa cheusi kabisa. Ukungu hautokani na waya huo. Kwa mita mbili au tatu, wa kawaida na wa dhahabu hutoa picha ileile. Ubora wa waya uanze kukusumbua siku utakapotaka kuuvuta mita kumi na tano kutoka mezani kwako hadi ukutani. VGA nayo iweke kando. Ni teknolojia ya mwaka 1987, hupoteza ukali wa herufi njiani na sauti haibebi.

Tatizo lako naona ni hili. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa kwa mkono wa pili zina kioo cha nukta (vidoa vidogo vinavyounda picha) 1366 kwa 768. TV za inchi 43 huwa na 1920 kwa 1080, au zaidi. Ukichomeka HDMI, mara nyingi kompyuta hunakili tu kile kilicho kwenye kioo chake, kwa ukubwa wa kioo chake. TV inabaki na kazi ya kunyoosha: kila nukta moja ijaze nafasi ya nukta moja na karibu nusu. Nusu nukta haipo, kwa hiyo TV inakisia, na kukisia huko ndiko kunakolainisha kingo za herufi. Kwenye filamu huoni sana. Kwenye maandishi na matokeo ya mpira pale juu, unaona.

Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Zitakuja chaguo nne. Chukua ya tatu, inayoifanya TV kuwa kioo kinachojitegemea. Mwenye kibanda ataipenda kwa sababu nyingine pia: unatafuta filamu kwenye kompyuta huku wateja hawaoni mafaili yako. Kisha bofya kulia mahali patupu, ingia mipangilio ya kioo, chagua TV, weka 1920 kwa 1080 na mwendo wa 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Sauti ichagulie TV kwenye alama ya spika.

Kama TV yako ni ya 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, bado usihangaike. Kompyuta yenye HDMI 1.4, toleo la zamani, haivuki picha 30 kwa sekunde kwenye 4K, na mpira kwa picha 30 unaruka. Bakia kwenye 1080 kwa 60. Kioo cha 4K ni mara mbili kamili kwa upana na kwa kimo, hivyo kila nukta inajaza nne bila nusu nusu.

Mstari uliokatwa ni kosa la TV. Ni mazoea ya enzi za antena: TV huikuza picha kidogo ili kuficha kingo chafu. Shika rimoti, tafuta ukubwa wa picha. LG huiita Just Scan, Samsung Screen Fit au Fit to Screen. Kisha, kwenye mipangilio ya TV, badili jina la tundu la HDMI liwe PC. TV nyingi zikiona jina hilo huacha kuichezea picha. Shusha pia ukali wa picha (Sharpness) hadi weupe unaozunguka herufi utoweke. Watu wanaupandisha wakidhani ndio ubora!

Jambo la umeme nalisisitiza, maana matundu ya HDMI yanaungua ovyo. Zima vyote viwili kabla ya kuchomeka, na vitumie ekstensheni moja. Sisi wa huku Mtwara mjini na Mikindani tuna chumvi ya bahari inayokula ncha za waya; ninyi wa juu huko Umakondeni mna nafuu.

Ukimaliza yote hayo na filamu bado ina ukungu huku maandishi ya kompyuta yamekaa vizuri, shida ni faili ulilonakiliwa kwenye flashi. Libofye kulia, fungua sifa zake, soma kimo cha picha. Likiwa na 360 au 480, inchi 43 lazima zilifichue. Dai la 1080.