Parokia jirani kuazimana vitu na watu: anzeni na visivyogongana

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Nimekaa kwenye halmashauri ya walei, yani waumini tusio mapadre, muda wa kutosha huku pembezoni mwa Dar, na kitu kimoja naulizwa sana ni hiki, mmewezaje kushirikiana na wale jirani zenu bila ugomvi. Ugomvi ulikuwepo jamani, tena mwingi tu.

Parokia yetu imezaliwa kutoka kwa jirani, wale ni parokia mama na sisi ni binti. Watu wanadhani hiyo inarahisisha mambo, kumbe ndo inayakoroga, maana wazee wa kule bado wanatuona kigango chao, yani kakanisa kadogo kaliko chini ya parokia yao, na wazee wa kwetu wanakumbuka michango yote waliyotoa kujenga nyumba ya mapadre kule alafu tukaondoka na mabenchi machache na kengele. Kwahiyo kabla hamjaongelea ushirikiano wowote malizeni hesabu za zamani, kaeni na maparoko (mapadre wakuu wa parokia) wote wawili, andikeni nini ni cha nani. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinasema parokia ikishaundwa kihalali ina hadhi yake kisheria (kanuni ya 515), yani mali yake ni yake, haikai kwa hisani ya parokia mama. Mtu akishajua chake ni kipi hata kuazima anaazima kwa amani.

La pili, msianze na hela. Sadaka ikitolewa kwa kusudi fulani inatumika kwa kusudi hilo tu, kanuni ya 1267 iko wazi, kwahiyo ile ya "tuchukue kidogo kwenye ujenzi tuwasaidie wenzetu tutarudisha" achaneni nayo kabisa, hata kama nia ni nzuri, waumini wakisikia mmeua zoezi zima.

Anzeni na vitu ambavyo mahitaji yenu hayagongani. Hapa ndo watu wengi wanakosea. Krismasi, Matawi, Pasaka, Ekaristi Takatifu, siku hizo kila parokia inataka spika zake, maturubai yake na genereta lake saa ileile, msidanganyane kwamba mtagawana. Lakini sikukuu ya somo wa parokia, yani mtakatifu msimamizi wake, kila mmoja ana tarehe yake, mavuno mnaweza kupishanisha Jumapili, harambee vilevile. Sisi tulikaa na kalenda mbili mezani tukaona viti na maturubai ya ziada hakuna haja kila mtu kununua. Ila wekeni daftari la kukabidhiana, vitu vihesabiwe vikitoka na vikirudi, mtu mmoja kila upande asaini, na aliyeazima ndo anaweka mafuta ya genereta na ndo anatengeneza kilichoharibikia mikononi mwake. Mixa ya muziki mimi binafsi siiazimishi bila fundi wake, inaenda na kijana wetu na inarudi nae, kwaya wakasirike tu! (Waya za maikrofoni zina miguu zile, hamna anayejua zinaenda wapi.)

Upande wa watu ndo kuna faida kubwa kuliko viti. Semina ya ndoa kwa mfano, parokia moja ina wachumba wawili watatu, mnamuita daktari na mwanasheria waje kuongea na watu sita, mkiungana darasa linajaa na wawezeshaji wanakuja kwa moyo. Kitubio cha Kwaresima na Majilio mapadre wa dekania (kundi la parokia jirani) wakizunguka pamoja parokia kwa parokia foleni inaisha mapema, na wengine wanaona heri kuungama kwa padre asiyewajua sura. Kuhusu wagonjwa, kubalianeni kabisa kwamba usiku padre aliye karibu ndo anaenda, asianze kuulizwa mgonjwa ni wa jumuiya gani (vile vikundi vya waumini vya mtaani), kanuni ya 1003 inaruhusu padre mwingine kutoa mpako wa wagonjwa kukiwa na sababu ya maana na kwa kudhani paroko ameridhia, ila maparoko wakilisema wazi mapema inakuwa rahisi zaidi. Namba za simu za mapadre wote wawe nazo wenyeviti wa jumuiya za pande zote mbili.

Wale wa mpakani nao wana kesi yao. Familia imeandikishwa kwetu ila inasali kule kwa sababu ndo karibu, zaka inaenda wapi? Sisi tulielewana zaka na michango ibaki pale ulipoandikishwa, sadaka ya Misa pale uliposali. Barua ya utambulisho ya ubatizo au ndoa isicheleweshwe eti kwa sababu mtu anaonekana sana kwa jirani, hiyo ni kumkomoa tu.

Ukumbi bado hatujaafikiana. Wenzetu wanataka wanaparokia wetu walipe bei ya mwenyeji kwenye harusi, kamati ya fedha ya kwao wenyewe haitaki, tunaendelea kubishana.

Na yote haya yaandikwe, nakala moja iende kwa dekano, padre anayesimamia dekania. Askofu akihamisha paroko, anayekuja hajui mlichoongea na aliyeondoka, kwahiyo siku ya makabidhiano ile karatasi iwemo kwenye faili pamoja na hati za kiwanja na vitabu vya ubatizo.