Re: Kiumbe wangu ana nguvu zote na stori imekufa, nifanyeje?

Pole mkuu, nimekuelewa, umeshachora kurasa 30 za komiki yako na huyo mtawala wa ulimwengu anaweza kila kitu, sasa mashujaa hawana cha kufanya. Ilinikuta na mimi, nilirudia mwisho mara nne.

Kwanza mpe njaa. Mcheki Galactus, Stan Lee na Jack Kirby walimleta mwaka 1966 kwenye komiki ya Fantastic Four namba 48, jamaa anakula sayari ila sio kwa roho mbaya, asipokula anakufa, hapo tayari stori unayo. Halafu ana mtumishi, Silver Surfer, anayetangulia kumtafutia sayari, huyo anaangukia nyumbani kwa Alicia, dada asiyeona, anakaribishwa chakula, wanaongea, moyo unalainika na anamgeuka bosi wake. Yaani hatima ya dunia inageuzwa na maongezi ya watu wawili ndani ya nyumba! Ile silaha inayomtisha Galactus mwishoni mimi sijawahi kuipenda, inatokea ghafla mno, usiige.

Au aanguke kwa kosa lake. Thanos, mhalifu wa komiki ya Infinity Gauntlet ya 1991, anavaa glavu inayompa nguvu zote, anamshinda hadi Eternity, kiumbe ambaye ndiye ulimwengu wenyewe, halafu anauacha mwili wake mwenyewe, mateka wake Nebula anachukua ile glavu kiulaini kabisa.

Ila kama unataka kuuza usimtumie Galactus mwenyewe, ni mali ya Marvel, kampuni ya komiki. Ongea na mwanasheria wa hakimiliki kabla hujachapisha.